RAM ya GB 4 kwa stashahada ya programu

Ndugu, umeuliza kama laptop ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 4 itakufikisha NTA 6, yaani ngazi ya stashahada. Mwanzoni inatosha: HTML, Python na MySQL haziilemei. Shida ni programu za simu. Emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, hula RAM yote, mfumo unahamia kuandika kwenye diski, kila kitu kinaganda. Achana nayo, unganisha simu yako kwa waya wa USB, gusa "Build number" mara 7 kwenye mipangilio ya simu ili chaguo za msanidi zifunguke, kisha humo washa "USB debugging".

Ukipata hela, ongeza RAM ifike GB 8. Hakiki aina kabla ya kununua: RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3, na laptop nyingine RAM imechomelewa kabisa.

Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi yako) jifunze mapema, na nakala iweke pia mtandaoni, tafadhali. Ukihifadhi kwenye flashi tu, ikifa, mradi unakwenda nayo.