Jibu: Andiko la warsha au mafunzo kwa mkutano wa kunasa maarifa, mkiwa Mwanza

Mkuu, nimekuelewa hivi: mko wanne hapo Mwanza, mna rekodi za mahojiano na wavuvi wa Igombe, Kayenze na Ukerewe, mmeona wito wa warsha na mafunzo wa mkutano wa kunasa maarifa, na mnauliza mpeleke nini na andiko liweje. Waliotangulia wamekujibu "andikeni tu, mada ni nzuri". Mada nzuri haitoshi. Anayepitia andiko la namna hii anajiuliza nani atakaa kwenye kile chumba, atakaa saa ngapi, atafanya nini na ataondoka na nini. Andiko lisilojibu hayo linawekwa pembeni hata kama linahusu jambo zito.

Mjue kwanza mnabisha hodi kwa nani. K-CAP, ndio huo mkutano wa kunasa maarifa, iko chini ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ilianza 2001 kule Victoria, British Columbia, na hufanyika kila baada ya miaka miwili, miaka ya witiri. Mwenzake wa Ulaya, EKAW, huangukia miaka ya shufwa, kwa hiyo andiko likikataliwa huku linaweza kuboreshwa na kupelekwa kule. Wanaohudhuria ni watu wa ontolojia (maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wake, yanayosomeka na kompyuta), grafu za maarifa (taarifa zilizounganishwa kama mtandao), uchakataji wa lugha na siku hizi modeli kubwa za lugha. Hawaji kusikiliza habari za sangara. Ziwa liwe mfano, mada iwe njia: namna ya kutoa maarifa kwa mtu anayeyajua lakini hajawahi kuyaandika, na kuyaweka katika umbo ambalo kompyuta inaweza kuulizwa nalo. Kichwa kama "Maarifa ya wavuvi wa Ziwa Victoria" kitaambiwa ni finyu. "Kunasa maarifa ya wataalamu wasioandika, katika lugha zenye maandishi machache" kitavuta watu wa kila bara, na wavuvi wenu bado wamo ndani.

Sasa, warsha au mafunzo? Kwenye warsha mnaita makala za watu wengine, mnazipitisha kwa wapitiaji, na siku yenyewe mnaongoza mjadala. Kwenye mafunzo ninyi ndio walimu. Kwa kundi ambalo halijawahi kuandaa chochote kwenye mkutano huo, mimi ningechagua mafunzo ya nusu siku. Warsha inaendeshwa na mtandao wa watu mnaoweza kuwapigia simu wakaleta makala, na mtandao huo haujengwi kwa tangazo la mwezi mmoja.

Mkishikilia warsha, pigeni hesabu mapema. Makala 10, kila moja isomwe na watu watatu, ni tathmini 30. Mpitiaji mmoja msimpe zaidi ya makala tatu, kwa hiyo mnahitaji wapitiaji 10, na ili mpate 10 waombeni 15. Majina yanayoingia kwenye andiko yawe ya waliokwisha kukubali kwa barua pepe. Kuorodhesha magwiji ambao hamjawauliza ni hatari, maana mara nyingi mmoja wao ndiye anayelisoma andiko. Hali kadhalika mzungumzaji mwalikwa: kama hajathibitisha, semeni hivyo. Andikeni pia mtafanya nini zikija makala tatu tu. Jibu linalokubalika ni kugeuza muda uliobaki uwe wa kazi ya vikundi, si kurefusha hotuba. Na wenyeviti wa warsha wakiona maandiko mawili yanafanana huomba yaunganishwe, kwa hiyo sentensi moja ya kusema mko tayari kuungana inasaidia.

Tarehe za warsha zihesabiwe kinyumenyume kutoka siku ya mkutano. Nakala za mwisho za makala zilizokubaliwa zifike wiki tano kabla, majibu yatoke wiki saba kabla, makala zipokelewe hadi wiki ya 11 kabla, na wito utoke walau wiki ya 18 kabla. Majibu lazima yatangulie kufungwa kwa ada nafuu ya kujisajili, vinginevyo waandishi wenu watalipa bei ya juu au hawataonekana. Kuchapisha, CEUR-WS, tovuti inayochapisha makala za warsha, haitozi pesa, ila waandishi husaini fomu za makubaliano na kazi ya kuzikusanya na kupanga faili ni ya wahariri, yaani ninyi.

Kwenye mafunzo ndiko ningewekeza nguvu. Nusu siku kwa kawaida ni saa 3:00 asubuhi hadi 6:30 mchana, na chai ya nusu saa katikati, kwa hiyo mna dakika 180 za kazi. Zigaweni ndani ya andiko dakika kwa dakika. Mfano: 20 za utangulizi, 40 za kuonyesha mbinu za kudodosa, 30 za mazoezi ya wawili wawili, chai, kisha 50 za kujenga modeli kwenye Protégé (programu ya kujengea ontolojia), 25 za kuihoji kwa SPARQL (lugha ya kuuliza data ya namna hiyo) na 15 za maswali. Mpitiaji akiona "Sehemu ya kwanza: nadharia, saa moja na nusu" anajua watu watatoka na kikombe cha chai wasirudi.

Mbinu za kudodosa zisizidi mbili. Kupanga kadi na ulinganishi wa vitu vitatu vitatu, ule uliotokana na kazi ya George Kelly ya 1955, vinatosha. Unachukua kadi tatu, unauliza mbili zipi zinafanana na ya tatu inatofautiana nazo kwa lipi. Jibu linakupa sifa ambayo mtaalamu asingeitaja kwa kuulizwa moja kwa moja. Kwa watu 30 mnapata jozi 15. Kila jozi ipewe kadi 24, jumla 360. Karatasi ya manila ya A1 inatoa kadi 32 za A6, kwa hiyo nunueni 12. Andikeni namba nyuma ya kila kadi, kwa sababu mpango wa kadi unarekodiwa kwa namba, na picha ya simu iliyopigwa juu ya meza yenye kivuli haisomeki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanawapa washiriki kadi za uvuvi. Mtu aliyetoka Amsterdam hajui tofauti ya kokoro na nyavu ya kutega, wala kwa nini wavuvi wa dagaa husubiri giza ndipo wawashe taa. Atapanga kwa kubahatisha, na zoezi litamfundisha kubahatisha. Zoezi la kwanza liwe la jambo wanalolijua wote, kama safari ya kwenda mkutanoni: mmoja anakuwa mtaalamu, mwenzake anadodosa. Baada ya hapo waonyesheni kadi za uvuvi zilivyopangwa na mvuvi mwenyewe.

Data ya ziwa ingieni nayo kwenye Protégé, hapo ina utamu wake. Dagaa wa Mwanza ndiye omena wa Kisumu na mukene wa Uganda: samaki mmoja, majina matatu, na zoezi la dakika kumi la dhana moja yenye lebo tatu. Furu ni kinyume chake. Mvuvi anatumia jina moja kwa samaki ambao wanasayansi wanawagawa katika mamia ya spishi. Mshiriki ataunganisha furu na spishi moja kwa uhusiano wa kulingana kabisa, na hoja za SPARQL zitaanza kutoa majibu ya ajabu, kwa mfano kila furu aliyetajwa na mvuvi kuonekana ni wa spishi hiyo. Mwacheni aunganishe, aone matokeo, kisha mwonyesheni uhusiano wa kundi pana na kundi dogo ulio kwenye SKOS, utaratibu wa kawaida wa kupanga dhana na majina yake kwenye kompyuta. Hilo linakaa kichwani kuliko slaidi kumi.

Vifaa navyo vitajwe kwenye andiko: projekta, meza za duara badala ya viti vya safu, soketi za kutosha. Intaneti ya hoteli msiitegemee. Watu 30 wakianza kupakua programu kwa pamoja, nusu ya muda umekwisha. Watumieni kiungo wiki moja kabla, na mje na flashi tano zenye Protégé ya Windows, ya Mac na ya Linux pamoja na faili za data.

Rekodi za sauti zina masharti yake. Mvuvi aliyekubali kurekodiwa kwa utafiti hajakubali sauti yake ichezwe ukumbini ng'ambo. Hiyo ni ridhaa nyingine, rudini mkaiombe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na sauti ya mtu inamtambulisha. Maeneo anayotega nyavu ni mali yake pia. Kufuta jina lake huku mkiacha viwianishi (namba za GPS za mahali) vyenye desimali tano ni kazi bure. Punguzeni hadi desimali moja ya digrii, ambayo ni kama kilomita 11, au acheni kabisa.

Waandaaji wanne wa taasisi moja wanatia shaka. Bakini wawili, tafuteni mmoja wa Kisumu au Jinja, ambako pia kuna makao makuu ya LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, na mmoja aliyewahi kuchapisha kwenye K-CAP au EKAW. Huyu wa mwisho anajua lugha ya wapitiaji. Andiko lenyewe fuateni urefu uliotajwa kwenye wito. Ukurasa wa ziada unakera.

Kuhusu siku ya mwisho: ikiandikwa saa 5:59 usiku AoE (Anywhere on Earth, yaani saa za mahali pa mwisho duniani kumaliza siku) tarehe 15, kwa saa za Mwanza ni tarehe 16 saa 8:59 mchana. Msiufanye muda huo kuwa akiba, umeme hauna AoE.

Mwisho, viza. Mkutano huu mara nyingi huwa Marekani au Kanada. Ule wa 2023 ulikuwa Pensacola, Florida. Mahojiano ya viza ya Marekani ni ubalozini Dar es Salaam, kwa hiyo hesabuni nauli na malazi juu ya ada. Ombeni barua ya mwaliko siku ileile mnapopata jibu la kukubaliwa, na ulizeni kama walimu wa mafunzo wanasamehewa ada ya kujisajili, maana kila mwaka una utaratibu wake. Kwenye andiko mtajeni mwandaaji mmoja ambaye hana kikwazo cha viza na ambaye anaweza kuendesha mafunzo yote peke yake. Wenyeviti hulitafuta jina hilo.