Anatumia amiodarone, niandike ugonjwa gani?

SWALI: Dada shikamoo, mi naingiza fomu za bima hospitalini, kuna mama anatumia amiodarone, dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika, ila faili halina ugonjwa, niweke msimbo wa ugonjwa I48.9 tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiweke, ugonjwa haubuniwi kutoka kwenye dawa. Amiodarone wanapewa wenye I48.9, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo, na wanapewa pia wa I47.2, ambao mapigo ya mbio yanaanzia vyumba vya chini, na huyo hatari yake ni nyingine kabisa. Rudisha faili kwa dokta aandike mwenyewe. Akisema ni kutetemeka, muulize kunakuja na kuondoka, hiyo I48.0, au kumeng'ang'ania, I48.1. Usiogope kumsumbua jamani, mama akizimia usiku wa zamu watasoma hicho hicho ulichoandika.