Kizuka kuhojiwa juu ya siku za mwisho za mumewe

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nipo Wete, nakaa eda, huu mwezi wa pili. Marehemu mume wangu alikuwa na saratani ya koo, nimemuuguza nyumbani mpaka akakata roho. Sasa kuna binti wa chuo kikuu anatafiti jinsi watu wanavyouguza na wanavyofiwa. Anataka nimhadithie, arikodi. Mama mkwe kanikataza, asema ni kumfedhehesha maiti. Na kweli, kuna maneno marehemu aliyasema siku zile. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam mwanangu. Allah amrehemu marehemu na akupe subira.

La eda ni jepesi. Miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, aya 234) inakuzuia kuolewa, kujipamba na kutoka bila haja, haikukuziba mdomo. Mgeni mwenyewe mwanamke mwenzio. Angekuwa mwanamume ningesema akae mtu wenu hapo, basi.

Zito ni la mama mkwe, na hajakosea. Muosha maiti akiona jambo akalisitiri ameahidiwa msamaha, ndiyo maana waosha wetu hutoka nyuma ya pazia kimya, hata uwaulize vipi. Na wewe uliyemuosha mtu angali hai, una siri kuliko wao.

Lakini sakarati za Mtume (s.a.w.), yaani uchungu wake wa kukata roho, tumezijua kwa nani? Kwa Bibi Aisha. Ndiye aliyesimulia kile chombo cha maji mbele ya Mtume, akitia mikono na kujipangusa uso, akisema: La ilaha illa Llah, hakika mauti yana sakarati. Imo katika Hadithi za Bukhari. Akasema pia kwamba baada ya kuuona ukali ule, hachukii tena mtu yeyote kufa kwa shida. Huyu ni mjane anahadithia kufa kwa mumewe. Maumivu si aibu.

Basi ya ugonjwa na uuguzi sema. Ulivyomgeuza usiku peke yako, uji uliokataa kupita, dawa ya maumivu ilipokwisha, majirani waliokuja na waliopotea. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa mahututi London mwaka 1967, alijifunza mengi kwa kuwasikiliza wanaokufa wenyewe. Si wa dini yetu, lakini kusikiliza huko kumewafaa wengi.

Ya mwili wa marehemu yanayositiriwa na nguo, na yale maneno, yaache. Hukunitajia na sikuulizi. Kama aliyasema akili imempotea, kalamu ilikwisha inuliwa: hayaandikwi mbinguni, sembuse kwenye kinasa sauti cha binti. Kama akili alikuwa nayo, ni baina yake na Mola wake, wewe muombee.

Kabla hamjakaa, muulize kibali chake cha utafiti, na jina la marehemu asiliandike. Hata kazi yake asiitaje. Wete ukisema "mjane wa fundi fulani" watu washamjua. Ukishindwa katikati, nyamaza, hata umwambie afute. Ukilia si kosa, Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim.

Na mama mkwe mwite akae nanyi. Naye kafiwa na mwanawe, na sidhani kama yuko aliyemuuliza.

Wallahu aalam.