Ada hulipwa, likizo je?

Swali lenu la wiki lilikuwa: wanafunzi wa chuo kikuu waliolelewa kwenye makao ya watoto au na familia za malezi wapewe fedha yao maalumu, au waombe mkopo kama mwanafunzi mwingine yeyote asiye na uwezo? Mimi nimekulia makao tangu utotoni hadi nilipomaliza sekondari, kwa hiyo upande wangu mnaujua kabla sijafungua mdomo. Wapewe. Ugomvi wangu ni na wale wanaokubali haraka, kisha wanalipa ada na kuondoka.

Ada ina watu wake. Mfadhili huipenda kwa sababu ina risiti, na picha hupigwa. Shida huanza siku mtihani wa mwisho wa muhula unapokwisha: mabweni yanafungwa, wenzako wanakwenda kwao, na wewe kwenu kitanda chako kilishapewa mtoto mwingine ulipotimiza miaka 18. Ni haki yake, simnung'unikii. Lakini miezi hiyo nayo lazima ulale mahali na ule, ilhali fedha ya kujikimu ilipigiwa hesabu ya wiki za masomo tu.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema maskini wote ni sawa. Mzazi asiye na senti bado ana sakafu ya kukulaza. Atamwamsha jirani usiku akope nauli, ataweka sahihi kwenye fomu ya mdhamini. Anayetoka makao hana wa kumwekea hata hiyo sahihi.

England, halmashauri iliyomlea kijana hutakiwa kumpa pauni 2,000 akiingia elimu ya juu, na tena imtafutie malazi ya likizo, au imlipie, ikiwa chumba chake cha muhula hakipatikani. Mimi naona hilo la likizo lina thamani kuliko zile pauni, maana 2,000 hizo ni za kozi nzima! Jirani zao wa Scotland walifika pauni 8,100 kwa mwaka katika mwaka wa masomo 2018/19, nazo hazirudishwi. Sioni haja ya kueleza nani kati yao alikaa chini akahesabu gharama za kuishi.

Halafu kuna fomu. Fomu nyingi za mikopo zinawajua watu wa aina mbili tu: mwenye mzazi, alete uthibitisho wa kipato cha mzazi, na yatima, alete cheti cha kifo. Sasa watoto wengi wa makao si yatima. Mzazi yu hai, ila ni mgonjwa, au yuko gerezani, au alitoweka, au mahakama iliona mtoto asirudishwe kwake. Huyo ataambatisha nini? Mimi niliambiwa dirishani, kwenye ofisi nisiyoitaja, nikamlete baba aje kusaini. Baba yupi, hata karani hakujua, ila fomu ilimtaka.

Marekani wamelimaliza hili kwa swali moja. Fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo inauliza kama, wakati wowote tangu utimize miaka 13, uliwahi kuwa yatima, au kulelewa na familia ya malezi, au kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Ukijibu ndiyo, unahesabiwa mwanafunzi anayejitegemea na kipato cha wazazi hakiulizwi. Wanaohofia udanganyifu wasikose usingizi: barua moja ya ustawi wa jamii au ya mahakama inatosha. Ipokelewe mara moja, mwanzoni, iingie kwenye faili. Nisichokitaka ni kijana kusimulia upya kila mwaka, mbele ya kamati, namna alivyotupwa, ili wajumbe wapime kama huzuni yake inafika kiwango. (Na hafla za wafadhili, ambako mnapangwa mstari wa mbele na kuulizwa ndoto zenu, zingefutwa nisingelia.)

Kuhusu umri, watunga sheria walegeze. Vocha ya masomo ya Marekani kwa vijana waliotoka malezi, ambayo hufika dola 5,000 kwa mwaka, hukoma wakitimiza miaka 26, na haizidi miaka mitano. Inaonekana mingi, lakini mtoto aliyehamishwa nyumba hadi nyumba huhamishwa na shule pia, na chuoni hufika amechelewa.

Mgawo wenyewe ningeupanga hivi: fungu la kuanzia liingie kabla muhula haujafunguliwa, kwa sababu godoro halisubiri bodi ikae. Kisha kiasi cha kila mwezi, miezi yote 12. Pembeni chuo kiwe na kijisanduku cha dharura ambacho mshauri wa wanafunzi anaweza kutoa siku hiyohiyo bila kikao. Na fedha isikatwe siku ya mahafali: mhitimu alipiwe kodi angalau miezi mitatu baada ya matokeo, kwa kuwa chumba cha chuo anakikabidhi wiki ileile na mshahara wa kwanza, hata kazi ikipatikana mapema, huja mwisho wa mwezi.