Barua kwa mwanangu: jambazi hana karakana

Mwanangu,

Mbukwenyi. Sisi wazima. Mvua imegoma, na mama yako anasema zabibu za jirani zimekolea utamu kwa jua hilihili linalotuchoma sisi.

Picha zako tatu zimefika. Kwenye simu nilikuwa naona weusi mtupu, nikazipeleka steshenari wakazichapa kwa rangi. Sasa ziko ukutani juu ya redio, pale ilipokuwa kalenda. Umeniuliza swali fupi: kati ya vyombo hivi vitatu vya maharamia wa angani, kipi kinatisha zaidi, maana mhariri wa katuni yenu anataka jibu mwisho wa mwezi. Nimezitazama wiki nzima, na kila nikizitazama linanijia swali jingine kabisa: hivi vyombo, kabla havijawa vya maharamia, vilikuwa vya nani?

Maana jambazi hana karakana. Ulijua nitasema hivyo, nimekuwa nikisema tangu ulipokuwa unachora ng'ombe kwa chaki kwenye mlango wa karakana yetu. Jambazi hafui chuma, hapigi randa, hasubiri rangi ikauke. Anachukua cha mtu, anakata hapa, anaunga pale, anaondoka. Hata wale wa zamani wa baharini. Yule Mwingereza waliyemwita Blackbeard, meli yake iliyotikisa Karibi, Queen Anne's Revenge, hakuiunda yeye. Ilikuwa meli ya Wafaransa ya kubebea watumwa, jina lake La Concorde. Akaiteka mwaka 1717, akaijaza mizinga ikafika kama 40, na mwaka uliofuata ikakwama kwenye fungu la mchanga huko Carolina Kaskazini, ikafia hapo. Njoo kwa Wasomali wa juzijuzi, uliokuwa ukisikiliza habari zao kwenye redio hii hii. Mwaka 2008 waliteka Sirius Star, meli ya mafuta ndefu kupita mita 300, ina mapipa kama milioni mbili tumboni. Silaha yao kubwa ilikuwa boti ndogo za injini ya nyuma. Na wengi wao, ili kufika mbali na pwani, walipanda majahazi na meli za uvuvi walizowapora wenyewe.

Sasa chombo chako cha kwanza kina uso wa fuvu, meno, na pembe mbili. Nani alikaa akayachonga meno yale? Mafundi wangapi, siku ngapi, na chuma chote kile kimetoka wapi? Jino la ukubwa ule ni kazi ya kiwanda chenye kreni, na mwenye kiwanda chenye kreni ana haja gani ya kuiba?

Mjomba wako atakuwa amekusimulia ya mlima wa Sekenke, na amekusimulia vibaya.

Mwaka 1986, kabla sijamjua mama yako, tulipata kazi ya gari la mradi mmoja wa maji, Land Rover 109, ile ndefu. Walitaka keria ya kubebea mabomba. Vyuma vilikuwa vimeadimika nchi nzima, nikaitengeneza kwa mabomba chakavu ya kwao wenyewe. Vijiti vya kuchomelea vikaniishia nikiwa nimebakiza kona moja, ya nyuma kushoto. Nikaokoteza mabaki sakafuni, vifupi kama vipisi vya sigara, nikaunga kwa kurudiarudia hadi chuma kikajaa pale kama nundu ya ng'ombe. Mshono ukashika. Ulikuwa mbaya, sikatai. Bwana aliyekuja kuchukua gari akaizunguka keria mara mbili, akaigusa nundu kwa kidole kimoja, akacheka. Akanikata shilingi 200, akasema mbele ya wenzangu kwamba hizo ni "za ubaya".

Za ubaya! Miezi mitatu baadaye tukasikia gari limeibwa. Sikufurahi. Basi, nilifurahi kidogo.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo nilikuwa nimepanda Fiat aliyokuwa akiendesha mjomba wako, tunatoka Igunga na magunia ya mpunga. Mimi walinibeba kama fundi wa njiani, maana zile springi zilikuwa za kuombewa dua. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, lakini bunduki nyingine hazikurudi ghalani, na kila dereva alikuwa na hadithi yake. Tulianza kuupanda mlima saa tano usiku. Wewe Sekenke unaijua ya lami. Ile yetu ilikuwa mawe na vumbi, lori lenye shehena linapanda kwa gia ya kwanza, mtu anaweza kutembea kando yake huku anamenya chungwa. Injini inanguruma mpaka meno yanagongana. Ndiyo maana hatukusikia kitu. Gari lilikuwa limezimwa, taa zimezimwa, linateremka lenyewe kutoka juu kwa uzito wake. Likakata kulia, likajilaza upana wa barabara mbele yetu, taratibu, kama ng'ombe aliyechoka.

Taa zetu zikalimulika ubavuni. Juu ya keria, pale pa kulazia mabomba, alikuwa amelala mtu na bunduki. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuitazama bunduki. Niliitazama kona ya nyuma kushoto. Nundu yangu.

Gari geni ungeliogopa kama unavyoogopa nyoka, basi, imekwisha. Lile nililijua. Nilishalala chini ya tumbo lake, nilijua bolti ipi imeliwa nyuzi. Vijijini watoto walikuwa wakilikimbilia likipita, kwa sababu lilimaanisha maji. Mlangoni walikuwa wameyapiga rangi nyeusi maandishi ya mradi, kwa brashi ya chokaa, ovyo ovyo, na herufi bado zilisomeka chini ya weusi. Nilizisoma. Hadi leo nikizikumbuka zile herufi tumbo linanikata, bunduki yenyewe wala sikumbuki ilikuwa ya aina gani.

Wakatushusha, wakatulaza kifudifudi, wakachukua fedha, turubai na saa yangu ya mkononi. Yule wa kwenye keria ndiye aliyekuja kwangu. Nikamwambia, "Hiyo keria niliichomelea mimi." Akapeleka tochi kule, akairudisha usoni kwangu. Akasema, "Haijawahi kulegea." Kisha akaivua saa.

Mjomba wako anasema sikutamka neno, nilikuwa natetemeka mpaka changarawe zinalia chini yangu. Alisimulia hivyo hata siku ya harusi yetu, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na mama yako tangu siku hiyo anamwamini kaka yake. Labda. Nimeisimulia mara nyingi mno, huenda nilisema moyoni na yule mtu akanijibu humohumo moyoni. Lakini sauti yake naijua, ina lafudhi ya hukuhuku kwetu, na neno kama lile sikulipata kwa bwana wa mradi.

Nirudi kwenye kazi yako. Umeniandikia kwamba huko juu hakuna hewa, kwa hiyo mlio hausafiri na hakuna upepo wa kupooza injini. Joto linatoka kwa kumulika tu, kama jiko la mkaa linavyokufikia usoni ukiwa umekaa mbali, na ndiyo sababu vyombo vya kweli hubeba mapaneli mapana ya kulitoa nje. Hizo ni rejeta, mwanangu, usizungushe maneno. Chombo chako cha pili, kile cheusi kama popo, kina mabawa yasiyo na hewa ya kuyashika, na rejeta sijaiona. Kipe. Halafu siku ya kuvizia, wazikunje. Chombo kinachomwaga joto kinaonekana mbali sana kwa mwenye vifaa vya kuliona, kama kaa la moto usiku porini. Wakizikunja wanafifia, lakini joto linabaki nao ndani, na hawawezi kukaa hivyo siku nyingi. Wanaiva humo. Nichoree sura za watu wanaoiva, wamenyamaza, wanamsubiri mwenye mali apite. Mimi mtu wa hivyo namwogopa kuliko mwenye pembe.

Lakini ngoja, maana usiku nimejipinga mwenyewe. Maharamia wa zamani walipandisha bendera nyeusi makusudi ili waonekane, mwenye meli akate tamaa mapema, mzigo usiharibiwe kwa mizinga. Kutisha kulikuwa kunawapunguzia kazi. Kwa hiyo fuvu lako si upuuzi, nakubali, lina hesabu yake. Ila bendera ni kitambaa. Mtu mmoja na sindano, jioni moja, imekwisha. Kama angani hakuna upepo wa kuipeperusha, basi kopo moja la rangi, brashi ya chokaa. Si meno ya chuma ya kiwanda kizima! Nimerudi palepale, naona. Jambazi hana karakana.

Cha tatu, kile cha mizigo chenye viraka, babu yako angekikodolea macho. Alifanya kazi Kongwa, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Walileta matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, na minyororo ya nanga za meli. Mnyororo unafungwa kati ya matrekta mawili, wanatembea sambamba, pori lote la katikati linalala. Mzee yule alikufa hajaiona bahari, lakini uzito wa mnyororo wa meli aliujua kwa mabega yake. Alikuwa akisema lile trekta lilikuja kulima ila vita halikuvisahau, na akipita karibu yake alilipa nafasi, hata likiwa limezimwa, hata Jumapili.

Utasema sijajibu. Sijajibu makusudi. Mimi mchomeleaji mstaafu, mhariri wako ana shahada. Nikisema cha tatu utasema baba anapenda kila chenye kiraka, na ni kweli napenda. Kwa hiyo sisemi. Nakuambia tu kwamba mama yako, ambaye picha hizi hajazitolea neno hata moja, kila jioni taa ikiwashwa anaichukua ile kalenda na kukifunika cha tatu. Asubuhi naitoa. Hatujaulizana.

Ukikirudia, kipe maandishi ya mwenyewe wa kwanza chini ya rangi. Yawe ya kitu cha heri, hospitali, maji, shule, utachagua. Herufi zisomeke kwa mwenye kutaka kusoma.

Na mshono wangu uuweke, hiyo naomba kama baba. Daftari la mwaka ule bado ninalo kabatini, ukurasa wa yule bwana umeandikwa "anadaiwa 200" na haujafutwa. Kona ya nyuma kushoto. Chuma kijae kama nundu, na usikilainishe.

Mama yako anauliza kama unakula.

Baba yako,
Dodoma