Kamakura na Enoshima kwa siku moja kutoka Tokyo

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha Kamakura, mji wa kale wa pwani, na kisiwa kidogo cha Enoshima, ukiwa umefikia Tokyo, Japani. Inatosha, ila uamke mapema na usiende wikendi. Kutoka Tokyo Station panda treni ya Yokosuka Line, ni kama saa moja tu hadi Kamakura. Ukifikia mtaa wa Shinjuku, hapo hapo Tokyo, nunua tiketi ya siku ya kampuni ya reli ya Odakyu, Enoshima-Kamakura Freepass. Inakupeleka, inakurudisha, na kitreni cha pwani, Enoden, unapanda utakavyo.

Enoden hiyo usiikose kabisa! Ni kitreni cha kilomita 10 tu kutoka Kamakura hadi Fujisawa, kinapita nyuma ya nyumba za watu karibu sana, halafu ghafla bahari yote iko dirishani. Kaa upande wa kushoto. Ukikaribia Enoshima kinaingia barabarani kabisa, magari yanakipisha. Kabla ya hapo shuka kituo cha Hase umwone Buddha Mkuu, wa shaba nyeusi, zaidi ya mita 11, ameketi nje bila paa tangu karne ya 15.

Chakula: wali wenye shirasu, vidagaa vyeupe vidogo mno. Ila kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi uvuvi wake husimamishwa, hutapata vibichi. Lakini asubuhi za baridi ndipo Mlima Fuji unaonekana vizuri ng'ambo ya maji, kwa hiyo mimi ningechagua Desemba: Fuji unauona, na vidagaa bado vipo.