Mafundi Wanajibu: Reli ya Roshani na Watoto Wadogo

SWALI: Namalizia nyumba ya ghorofa moja hapa Kira, Uganda. Roshani ya mbele imechomoza mita 1.2. Fundi wa kuchomelea anataka kuweka mabomba manne ya kulala, kimo sentimita 90, na kufunga nguzo kwa bolti juu ya slabu (sakafu ya zege). Watoto wangu bado wadogo. Inatosha? Tena, naweza kuongeza roshani kama hiyo upande wa nyuma, ambako slabu ilishamwagwa?
— Mama Aisha

JIBU: Mama Aisha, mabomba ya kulala yakatae. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni ngazi. Weka vyuma vya kusimama, na nafasi baina yake isifike milimita 100. Chini ya bomba la chini vilevile. Kwa mfano, nguzo zikiachana milimita 1,400 wazi na vyuma ni vya milimita 16, unahitaji 12, na kila nafasi itakuwa kama milimita 93. Kata kipande cha mbao cha milimita 100 kila upande: kikipita popote, fundi arudie.

Kimo kiwe sentimita 110, kama Uingereza wanavyotaka kwenye roshani. Marekani nyumba za familia huruhusiwa inchi 36, yaani kama sentimita 91, kwa hiyo 90 za fundi wako hazifiki hata huko. Na kipimo huanzia juu ya vigae. Wengi hupima juu ya slabu tupu, kisha plasta ya sakafu na vigae vinameza sentimita tano.

Mara nyingi reli huanguka kwa sababu ya miguu ya nguzo. Bolti iliyo karibu mno na ukingo hupasua zege mtu akiegemea. Bora bamba la chuma lenye nanga (vyuma vya kulishikilia ndani ya zege) lizamishwe wakati wa kumwaga, nguzo ichomelewe juu yake. Kwako slabu imeshakauka, basi tumia bamba la milimita 8 na bolti nne za milimita 12, ziingie kwenye zege lenyewe, si kwenye plasta, na zikae mbali na ukingo kadiri mhandisi atakavyokupa. Nguzo za bomba lenye chuma chembamba, unene wa milimita 1.2, zinauzwa kila duka la vifaa. Hizo ni za madirisha. Ziba vichwa vya nguzo, la sivyo mvua itaingia na kutu itakula ndani usiione.

Roshani ya nyuma ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Slabu iliyochomoza hubebwa na nondo za juu, kwa sababu uzito huvuta upande wa juu, na nondo hizo hurudi ndani ya nyumba angalau mara moja na nusu ya urefu uliochomoza: kwako mita 1.8. Kutoboa ukuta na kupachika vipande vya nondo vya sentimita 15 hakuwezi kuchukua nafasi yake. Jenga roshani hiyo juu ya nguzo zake, zenye msingi wake, zisitegemee ukuta.

Kabla ya hapo, peleka michoro yenye sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa kwenye kamati ya ujenzi ya eneo lako. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kwanza, hata nyumba ikiwa ni yako.